Kidonge Katika Kahawa ya Mama

Wakati wa likizo ya Aprili, Najwa alikuwa na kazi tatu kila asubuhi kabla ya kuruhusiwa kutoka nje: kufagia sebule, kuchemsha kahawa ya mama yake na kuchekecha unga wa hina. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Alitandaza kitambaa chepesi juu ya bakuli, akamimina unga wa kijani, akausugua kwa kiganja hadi ukadondoka laini kabisa. Hina yenye chenga huziba koni, na koni ikiziba, ua huharibikia mkononi mwa mteja. Hayo Najwa aliyajua hata kabla hajaanza shule, na sasa alikuwa Gredi ya Sita.

Mama yake, Kuluthum, alikuwa mpakaji hina anayejulikana Nakuru nzima. Wanawake walimfuata hadi Rhonda, wengine wakitoka Njoro na Naivasha, wakaketi kwenye mkeka wake kungoja zamu. Kilichomtofautisha na wapakaji wengine kilikuwa ua moja ambalo yeye aliliita konokono: mstari mmoja mwembamba unaoanzia katikati ya kiganja na kujizungusha, duara nje ya duara, bila kugusana wala kukatika. Wenzake walilichora kwa kuinua mkono mara tatu au nne. Kuluthum alilichora kwa pumzi moja, na akimaliza huweza kukuuliza habari za shangazi yako kana kwamba hajafanya lolote.

Lakini tangu Ramadhani ipite, Najwa alikuwa ameona mambo asiyoyaelewa. Mama hakuchora konokono tena. Alichora majani makubwa na maua mazito, na mteja akiuliza, alijibiwa kwamba huo ndio mtindo wa siku hizi. Kikombe alikishika kwa mikono miwili. Supu aliomba amiminiwe. Jambo la ajabu ni kwamba mikono hiyo ikilala mapajani ilitulia tuli, lakini ikipewa kazi tu, vidole vilianza kucheza vyenyewe.

Jumatatu moja Najwa aliingia chumbani bila kubisha. Mama alikuwa peke yake, kalamu mkononi, akijaribu konokono kwenye karatasi. Mstari ulikuwa na meno kama msumeno. Aliukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana, akajaribu tena, na meno yakazidi. Najwa aliganda mlangoni. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akishindwa na kitu.

"Funga mlango," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ulichokiona kimebaki humu ndani. Usimwambie baba yako, wala jirani, wala mtu yeyote. Mpakaji anayetetemeka, nani atampa mkono wake?"

Najwa alielewa haraka kuliko alivyotaka. Alhamisi hiyo Kuluthum alitarajiwa Milimani, nyumbani kwa Mzee Dualeh, kumpaka hina binti yake Yurub aliyekuwa akiolewa Ijumaa. Yurub alikuwa ameomba konokono, viganja vyote viwili, na hakutaka kusikia habari za majani makubwa. Wageni walikuwa wanatoka Nairobi na Eldoret. Hina ya bibi harusi huonyeshwa watu wote, na ikiharibika, jina la miaka kumi na minane lingeharibika nayo kwa alasiri moja.

Kuluthum alikuwa na tiba yake mwenyewe. Aliamini mikono imekosa nguvu, na kwao nguvu ilikuwa ndani ya kahawa chungu yenye tangawizi. Vikombe viwili vya asubuhi vikawa vitano. Kadiri alivyokunywa ndivyo mikono ilivyozidi kucheza, naye akaamuru birika lingine. Najwa alichemsha tu, maana hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiuchochea moto uleule.

Jumatano alikutana na Travis kwenye mfereji wa ploti. Travis alikuwa mwana wa jirani yao Nakhumicha, ambaye kila mtu alimwita Mama Travis, na mdomo wa mvulana huyo haukuwa na breki.

"Niaje, Najwa," alisema huku akijaza mtungi. "Si mathe wako ameanza kunywa?"

"Kunywa nini?"

"Usijifanye. Jana amekuja kwetu kununua mandazi, chenji imemwanguka mara mbili. Anko wangu hushake hivyo asubuhi, mpaka apate chang'aa ndio anatulia."

Najwa alipigwa na butwaa. Kwao hata manukato yenye spiriti hayakuingia mlangoni, sembuse pombe. Alitaka kumtukana, lakini wazo lingine lilimjia na kumtia hofu zaidi: kama Travis ameona, basi wameona wengi. Aliacha ndoo inafurika, akaenda moja kwa moja kwa Mama Travis kuitetea heshima ya mama yake. Alikusudia kusema sentensi moja tu. Alipofungua kinywa, siri yote ilimwagika, pamoja na machozi.

Mama Travis alikuwa mwema, tena mwema kupita kiasi. Aliahidi kumfunza Travis adabu, akamketisha Najwa kitini na kumfuta uso kwa leso. Akamwambia asiwe na wasiwasi, maana yeye mwenyewe alitetemeka hivyo mwaka juzi, shingo ilipomvimba. Hospitalini walimpa vidonge, na baada ya wiki moja mkono ulikuwa mtulivu. Aliingia chumbani, akatoka na vidonge viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mwambie ameze kimoja kabla ya kazi," alisema. "Ijumaa ataniletea pilau ya harusi."

Hakuuliza kama Kuluthum ana ugonjwa mwingine, naye Najwa hakufikiria kumwambia. Mama yake alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini pumu hiyo ilikuwa imelala kwa miaka mingi, na pampu yake ya kuvuta dawa ilikaa chini kabisa ndani ya mkoba pamoja na vipande vya nyuzi na pini zilizosahauliwa.

Usiku ulipita, kukapambazuka Alhamisi, na vidonge vilikuwa bado mfukoni mwa Najwa. Tatizo lilikuwa dogo na kubwa kwa wakati mmoja. Kumpa mama dawa ile kulikuwa ni kukiri kwamba amemwambia jirani kile alichokatazwa kusema. Aliyafikiria hayo akifagia, akayafikiria akichekecha hina. Alipofika kwenye kahawa ya adhuhuri, ile ya mwisho kabla ya safari ya Milimani, alikuwa ameshaamua. Alivisaga vidonge kwa kijiko. Alikuwa ameambiwa kimoja, lakini harusi ilikuwa kubwa, kwa hiyo alivitia vyote viwili. Tangawizi ilificha ladha, na mama alikunywa hadi tone la mwisho.

Sebule ya Mzee Dualeh ilikuwa pana, ina zulia jeupe na harufu ya udi. Yurub alikaa juu ya mto katikati ya shangazi zake, akaunyoosha mkono wa kulia. Kuluthum aliishika koni, akapiga bismillahi, akaishusha kiganjani. Najwa alifumba macho. Alipoyafumbua, mstari ulikuwa unatiririka. Duara la kwanza, la pili, la tatu, hakuna jino hata moja. Kuluthum mwenyewe aliutazama mkono wake kwa mshangao, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia. Konokono ilikamilika na shangazi mmoja akapiga vigelegele. Najwa alijisikia mwerevu kuliko daktari yeyote.

Kisha mama alikohoa. Aliomba radhi, akakohoa tena. Alipovuta pumzi kifuani kulisikika mluzi, na kila pumzi iliyofuata ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Alipapasa mkobani, akaipata pampu, akaibonyeza mara mbili, mara tatu, mara nne. Haikusaidia kitu. Koni ilianguka na kumwaga hina kwenye zulia jeupe, na hakuna aliyeiangalia, kwa sababu midomo ya Kuluthum ilikuwa inageuka kijivu.

Mambo yaliyofuata Najwa aliyakumbuka vipande vipande. Mzee Dualeh mwenyewe alimbeba mama hadi kwenye gari. Yurub aliingia nao, mkono wa kulia ukiwa juu hewani, hina bado mbichi, mkono wa kushoto mtupu ukimshika Najwa. Barabara ilikuwa ileile ya kila siku, lakini taa za trafiki zilichukua mwaka mzima. Ndani ya gari ulisikika ule mluzi wa kifuani tu, nao ulikuwa unapungua, na kupungua kwake ndiko kulikotisha.

Hospitalini walimvisha mama barakoa ya mvuke wa dawa. Daktari wa zamu aliitwa Chepkemoi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alisikiliza kifua, akatazama mashine, akakunja uso. Dawa waliyompa ilipaswa kuwa imeanza kufungua njia za hewa, lakini haikuwa inafungua. Baba yake Najwa, Hanif, aliwasili akihema, vumbi la saruji la dukani bado mabegani.

"Amemeza dawa yoyote leo?" daktari aliuliza.

Kuluthum alitikisa kichwa kwa mbali kukataa, naye hakuwa anadanganya. Baba alisema hapana. Yurub alisema hapana. Daktari aliuliza mara ya pili, polepole, akimtazama kila mmoja usoni.

Najwa alijua jibu. Akisema, kila mtu atajua kwamba ameuza siri ya mama na kumtilia kitu kikombeni kwa mkono wake mwenyewe. Baba atajua. Yurub atajua, na Milimani nzima itajua kabla ya jioni. Asiposema, pengine mama atapona vilevile. Alimtazama muuguzi akiongeza mvuke ule ule usiosaidia, akaziona kucha za mama zimekuwa na rangi ya majivu.

"Mimi nilimpa," alisema. "Niliweka kwa kahawa. Vidonge viwili. Vya Mama Travis."

Baba alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona. Daktari peke yake hakushangaa, au kama alishangaa aliuweka mshangao wake kando kwa ajili ya baadaye. Aliuliza ni vidonge gani, vilimezwa saa ngapi. Baba alimpigia simu Mama Travis, na mama huyo akasoma jina la dawa kwenye pakiti. Daktari alilisikia jina mara moja tu. Alimgeukia muuguzi, akaagiza dawa ya aina nyingine, na kwa mara ya kwanza mikono ya watu wa chumba kile ilienda mbio.

Ilichukua saa nzima. Mluzi ulirudi kwanza, nao ukasikika kama habari njema. Kisha ukalegea. Jua lilipoanza kuteremka, Kuluthum alikuwa anavuta pumzi ndefu, macho ameyafumba, midomo ikiwa na rangi yake. Najwa aliketi sakafuni akiegemea ukuta, akalia bila kujificha.

Daktari Chepkemoi alichuchumaa mbele yake. Alimweleza kwamba dawa ile ni nzuri kwa aliyeandikiwa. Hupunguza mbio za moyo na hutuliza mikono, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuzibana njia za hewa, tena inaizuia pampu isifanye kazi. Ndiyo maana tiba ya kwanza ilikuwa inagonga mlango uliofungwa.

"Ungenyamaza, ningeendelea kugonga," alisema. "Kosa lako lilikuwa kubwa sana. Lakini ulilisema wakati bado lina faida kusemwa."

Asubuhi ya pili, mama alipoweza kuketi, daktari alirudi na swali alilokuwa ameliweka kiporo: vidonge vilikuwa vya kutibu nini? Kuluthum alimtazama mumewe, akamtazama Najwa, na hatimaye akaeleza. Hanif alisikiliza akiwa ameshika kiti. Mwezi mzima mkewe ametetemeka pembeni yake, naye hakuona.

Daktari alianza kumpima, na Najwa alishangaa kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa vya kawaida sana. Alimwomba mama alaze mikono mapajani, ikatulia. Alimwomba ainyooshe mbele, ikaanza kucheza. Alimwomba aguse ncha ya pua, kisha amimine maji kutoka kikombe hadi kikombe, na maji yakamwagika kitandani. Alichukua damu ili kupima tezi ya shingo, kwa sababu ugonjwa wa tezi, kama ule wa Mama Travis, nao hutetemesha mikono. Mwisho alimpa kalamu na karatasi.

"Nichoree mstari unaojizungusha," alisema. "Kama gamba la konokono."

Kuluthum aliduwaa. Alidhani daktari anamdhihaki, mpaka alipoambiwa kwamba hicho ni kipimo cha kweli, kinachotumiwa kila siku kuuona mtetemeko ulivyo. Alichora, na meno ya msumeno yakatokea tena, safari hii mbele ya watu watatu. Daktari hakucheka wala hakusikitika. Aliandika tarehe kwenye ukingo wa karatasi na kuitia ndani ya faili.

Kisha akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kutetemeka hivyo.

Kuluthum aliiweka kalamu chini, akasimulia. Baba yake, Mzee Ubaid, alikuwa fundi wa saa mjini Nakuru. Mikono ilimkataa akiwa na miaka hamsini, akafunga kibanda. Majirani walisema anakunywa kwa siri. Alikufa miaka kumi na miwili baadaye, bado wakisema hivyo.

"Hata mimi nilisema," Kuluthum alisema. "Si kwa mdomo. Nilikuwa kama Najwa hivi. Nilikuwa ninanusa kikombe chake akitoka sebuleni. Kila siku ninanusa, na kila siku ni kahawa tu, na bado sikumwamini."

Najwa aliyakumbuka maneno ya Travis pale mferejini. Babu yake alikuwa ameishi na neno lile miaka kumi na miwili, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Majibu ya damu yalionyesha tezi ni nzima. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo madaktari wanauita essential tremor. Si ulevi, si woga, wala si jicho la mtu. Ni ubongo unaotuma ujumbe wenye mtikisiko kwa mikono inapofanya kazi, na mara nyingi hurithiwa. Hauna dawa ya kuumaliza, lakini kuna dawa za kuutuliza. Ile ya kwanza ambayo wengi huanzishiwa ni ya jamii ya vidonge vya Mama Travis, kwa hiyo kwa Kuluthum haifai. Angeanzishiwa nyingine, ambayo hutumiwa pia na wenye kifafa, kipande kidogo kila anapokwenda kulala, kikiongezwa polepole chini ya uangalizi. Kuluthum alishtuka kusikia kifafa, na ikabidi aelezwe mara mbili kwamba hana kifafa.

"Na kahawa?" aliuliza.

"Kahawa ndiyo imekuwa ikikutikisa zaidi," daktari alijibu. "Vikombe vingapi kwa siku?"

Najwa, mchemshaji wa vikombe vyote hivyo, aliinamisha kichwa.

Harusi ilifanyika Ijumaa hiyohiyo. Yurub aliolewa na konokono kamili kwenye mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto shangazi yake alikitia hina tupu, kama walivyofanya mabibi wa zamani. Mama Travis alikuja hospitalini bila kungoja pilau, akamshika Kuluthum mikono na kuomba msamaha, akaapa kwamba dawa zake hazitatoka tena chumbani mwake. Travis alisimama nyuma yake na kuzitazama ncha za viatu vyake. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Pole, mathe," na alimaanisha.

Wiki ya Idd ya kuchinja, Yurub alirudi Rhonda. Mkeka ulikuwa umejaa wanawake wanaongoja zamu. Alikaa mbele ya Kuluthum, akamnyooshea mkono wa kushoto, akasema amekuja kwa ajili ya konokono ya pili.

Kuluthum aliiweka koni chini. Najwa aliona mama yake anavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta kabla ya kuchora.

"Mikono yangu inatetemeka," Kuluthum aliwaambia wanawake wote. "Ni ugonjwa, niliurithi kwa baba yangu Ubaid, ambaye hakunywa pombe maisha yake yote. Ninatumia dawa. Siku nyingine ni nzuri, siku nyingine si nzuri. Anayetaka kungoja angoje, anayetaka kwenda sitamlaumu."

Mwanamke mmoja alishusha pumzi. Mwingine akasema kwamba mjomba wake naye ana mikono kama hiyo, na hajawahi kupelekwa popote. Hakuna aliyeondoka. Kuluthum aliulaza mkono wake juu ya mto mdogo, kama alivyofundishwa hospitalini, akachora. Konokono ilizunguka maduara manne safi. Kwenye duara la tano kulikuwa na jino moja dogo. Yurub aliligusa hewani kwa kidole, akasema hilo ndilo atakalowaonyesha watu kwanza.

Jioni walipokuwa wakiosha bakuli, mama alimwita Najwa karibu.

"Ulifanya vibaya kunipa dawa ya mtu mwingine, na vibaya zaidi kunificha," alimwambia. "Hilo umelijua, sitalirudia. Lakini mimi ndiye niliyekufunza kuficha. Nilikubebesha aibu yangu ukiwa mtoto, nikakwambia uifungie ndani. Ugonjwa upelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe kila kitu. Kama ningesema mapema, kikombe changu kingekuwa na kahawa tu."

Najwa alikuwa na swali alilolibeba tangu hospitalini, tangu daktari alipotamka neno kurithi. Hakuliuliza. Badala yake aliifuta mikono yake, akainyoosha mbele ya mama yake, vidole wazi, chini ya taa ya jikoni. Wote wawili waliitazama kwa muda. Ilikuwa imetulia.

"Siku ikianza kutetemeka," Najwa alisema, "wewe ndiye wa kwanza kujua."